Kuvuna kila wiki kutoka mita 60 za mraba: shajara ya msimu wa pili

Msimu uliopita kipande hiki cha mita 10 kwa 6, kimoja kati ya vipande vingi vya eneo la bustani linalokodishwa, kilinipa mboga kupita kiasi kwa wiki nne na baadaye kikaninyima karibu kila kitu. Mbegu zote nilizipanda ndani ya siku mbili, zikaota pamoja, zikakomaa pamoja, na nusu ya saladi ikatoa bua la maua na kuwa chungu kabla sijaimaliza kuila wala kuigawa. Kwa hiyo mradi wa msimu huu una lengo moja linaloweza kupimwa: tangu siku ya mavuno ya kwanza hadi mwisho wa wiki ya 24, kila wiki nichume angalau aina mbili za mboga, na mojawapo iwe ya majani. Kila kinachochumwa kinapimwa kwa mizani na kuandikwa kwenye daftari siku hiyo hiyo, maana nimejifunza kwamba kumbukumbu ya mkulima huikuza siku njema na kuisahau wiki tupu.

Wiki ya 1

Nimegawa eneo kwa kamba na vigingi nikapata matuta sita yenye upana wa mita 1.2, upana unaoniwezesha kufikia katikati ya tuta kwa mkono kutoka upande wowote bila kukanyaga udongo uliolainishwa. Kati ya matuta kuna njia za sentimita 40, na kila tuta lina urefu wa mita 5, isipokuwa la sita ambalo nimelikata likabaki mita 3.5 ili kupisha lundo la mboji. Ukiondoa njia na pembezoni, eneo linalopandwa ni mita 34 za mraba tu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonishtua msimu uliopita nilipokuwa nikinunua mbegu kana kwamba nina mita 60 zote.

Nilijaza udongo kwenye chupa ya kioo, nikaongeza maji, nikatikisa na kuiacha siku mbili. Mchanga ulizama ndani ya dakika moja, chembe za wastani zikafuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi ukatua mwisho. Katika sentimita 12 za tabaka zilizotulia, 7 ni mchanga, 3 ni chembe za wastani na 2 ni mfinyanzi. Ni udongo mwepesi unaopitisha maji haraka, mzuri kwa karoti, lakini hautunzi maji wala virutubisho bila msaada. Kipimo cha tindikali kilionyesha pH ya 6.4, ambayo inafaa karibu kila nilichokusudia kupanda, kwa hiyo sikuongeza chokaa.

Wiki ya 2

Nimetandaza mboji ya msimu uliopita, ile niliyoigeuza mara nne na ambayo ndani yake kipimajoto kilifika nyuzi 60 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Unene ni sentimita 3, yaani takribani mita 1 ya ujazo kwa matuta yote, na nimeichanganya na udongo wa juu kwa reki bila kupindua udongo wa chini.

Tuta la kwanza ni la mboga za awamu: saladi, mchicha na figili. La pili ni la maharage mafupi yanayoliwa yakiwa mateke, yaani maganda yakiwa bado machanga, la tatu la nyanya, la nne la kabichi. La tano limegawanywa baina ya karoti na matango, na la sita lina vitunguu vilivyopandwa kwa vitunguu vidogo badala ya mbegu. Mpango wangu ni kupanda awamu mpya ya tuta la kwanza kila baada ya siku 14, na maharage kila baada ya wiki tatu. Kanuni hiyo nimeisoma na kuisikia mara nyingi, nami nimeiandika ukutani bila kuitilia shaka.

Mbegu za karoti huchukua hata wiki mbili au tatu kuota, na uso wa udongo ukikauka katikati ya kipindi hicho hazioti kabisa. Nimezichanganya na mbegu chache za figili katika mistari ileile, kwa kuwa figili huota ndani ya siku tatu hadi tano, huonyesha mstari ulipo ili niweze kupalilia, na hung'olewa kabla karoti haijahitaji nafasi yake. Juu nimefunika gunia lenye unyevu ambalo kuanzia siku ya tatu nitalifunua kila asubuhi nikitafuta ncha za kwanza za kijani.

Wiki ya 3

Kinyausi kimeingia kwenye kitalu. Miche ya nyanya na kabichi iliyokuwa imesimama vizuri jana jioni leo imelala, shina likiwa limenywea na kuwa jembamba kama uzi pale linapokutana na udongo. Nilihesabu miche 41 iliyokufa kati ya 80, na mingine kadhaa ilikuwa na dalili. Ugonjwa huu husababishwa na vimelea vinavyoishi udongoni, lakini mlango wao niliufungua mwenyewe: nilimwaga mbegu kwa wingi hadi miche ikabanana, nilimwagilia jioni hivyo udongo ukabaki mbichi usiku kucha, na nilikuwa nimefunika kitalu kwa plastiki bila tundu la hewa.

Nimetupa udongo wote wa kitalu hicho mbali na matuta, nimeosha trei kwa maji ya moto na sabuni, na nimepanda upya mbegu moja moja katika vishimo vilivyoachana sentimita 3. Maji sasa yanatiwa kutoka chini kwa kuiweka trei ndani ya beseni, asubuhi tu, na uso unaachwa ukauke kidogo kabla ya kutiwa tena. Ninaandika haya kwa urefu kwa sababu wiki moja ya uzembe hapa itaonekana kwenye daftari la mavuno miezi mitatu baadaye: nyanya zimerudi nyuma wiki nzima, na katika mradi unaotegemea mfululizo, wiki moja ni kitu kikubwa.

Wiki ya 4 na ya 5

Karoti zimeota siku ya 13. Awamu ya pili ya saladi, mchicha na figili imepandwa, na matango yameingia kwenye nusu yake ya tuta la tano, chini ya kichanja cha fito kitakachoyafanya yapande juu badala ya kutambaa.

Wiki ya 6

Mavuno ya kwanza: figili gramu 640 na mchicha gramu 310 uliotokana na kupunguza miche iliyobanana. Saa ya mradi imeanza kuhesabu.

Mama mtu mzima anayelima kipande cha jirani alisimama kwenye njia akanitazama nikichagua figili kubwa tu na kuziacha ndogo zikue. Akaniambia, "Mwanangu, figili haisubiri mtu. Ng'oa leo zilizofikia ukubwa wa kidole gumba, usizionee huruma." Nilitii kwa nusu, nikaacha thuluthi moja ya mstari kwa siku sita zaidi ili nione. Zile zilizobaki zilikuwa kubwa machoni, ila ndani zilikuwa na uwazi na nyuzi kama sifongo, na ukali wake ulizidi kiasi cha kuliwa mbichi. Figili hukaa katika ubora wake siku chache tu, na mtu anayepanga kuvuna kila wiki lazima ajue kwa kila mboga dirisha lake lina upana gani: figili siku chache, maharage mateke siku mbili au tatu kwa kila ganda, karoti wiki kadhaa, spinachi miezi.

Wiki ya 7 hadi ya 9

Kazi zilirundikana. Kabichi zilihamishiwa tuta la nne katika wiki ya 8, na nyanya 14 zikahamishiwa tuta la tatu katika wiki ya 9, zikazikwa kwa kina hadi chini kidogo ya majani ya kwanza kwa kuwa shina la nyanya lililofunikwa udongo hutoa mizizi. Nilizipandikiza jioni, baada ya kuizoesha miche jua kwa siku saba, kila siku muda mrefu kidogo kuliko jana yake.

Katikati ya shughuli hizo niliruka awamu ya tatu ya mboga za majani iliyopaswa kupandwa wiki ya 6. Nilipoikumbuka, katika wiki ya 8, joto lilikuwa limepanda sana. Nilichokifanya kwa wakati ni jambo dogo ambalo sikulipa uzito: mstari mmoja wa spinachi kwenye ukingo wa tuta la kwanza, uliopandwa wiki ya 7 kwa sababu mbegu zilikuwepo mfukoni.

Wiki ya 10

Maharage ya kwanza yamechumwa, gramu 780, siku ya 56 tangu kupandwa. Lakini hakuna jani. Mchicha wa awamu ya pili umetoa maua, saladi ya awamu ya pili imekwisha, na ile ya tatu haijaota hata mche mmoja.

Hili la saladi linahitaji maelezo. Mbegu ya saladi iliyolowa katika udongo wenye joto linalozidi takribani nyuzi 30 hulala badala ya kuota, na inaweza kuendelea kulala hata baada ya joto kushuka. Mimi niliipanda saa nne asubuhi, kwenye tuta lililo wazi, siku ambazo uso wa udongo ulikuwa unachoma kiganja. Nimepanda upya kwa namna tofauti: trei imewekwa chini ya kivuli cha kichanja cha matango, mbegu zimetawanywa jioni na kufunikwa kwa tabaka jembamba sana la udongo kwa kuwa zinahitaji mwanga ili kuota, na juu yake nimetandika kitambaa chenye unyevu kwa usiku wa kwanza tu. Siku ya nne ziliota.

Wiki ya 11

Wiki nyingine bila jani. Nilikaa na daftari jioni nzima nikitafuta kosa, na naamini nimelipata, wala si joto peke yake.

Kanuni ya siku 14 inachukulia kwamba mmea hukua kwa kasi ileile kila wiki, jambo ambalo daftari langu linalikanusha. Awamu ya kwanza ya mchicha, iliyopandwa hali ya hewa ikiwa ya baridi kiasi, ilichukua siku 28 kufikia kuchumwa. Awamu ya pili, iliyopandwa wiki mbili baadaye, ilichukua siku 21 tu kwa sababu siku zilikuwa na joto zaidi. Wiki mbili nilizokuwa nimeziweka kati yao zilisinyaa zikawa siku saba, awamu mbili zikakaribiana mlangoni, nami nikachuma nyingi katika wiki ya 7 na kubaki na ukingo mwembamba sana mbele. Kuruka awamu ya tatu kulimalizia tu pengo ambalo tayari lilikuwa likijitengeneza.

Basi nimeifuta kanuni ya ukutani na kuandika mbili mpya. Ya kwanza: awamu mpya hupandwa pale awamu iliyotangulia inapotoa majani mawili halisi, yale yanayofuata majani ya mbegu. Mche wenyewe huhesabu joto na mwanga kwa niaba yangu. Siku zikiwa baridi huchelewa na mimi huchelewa nao, siku zikiwa na joto huwahi na mimi huwahi. Ya pili: kwa mboga zinazochukua muda mrefu, ninaanza na wiki ninayotaka kuchuma na kurudi nyuma. Nikitaka kabichi wiki ya 22, nahesabu wiki tisa za tutani na wiki tano za kitalu, naongeza wiki moja ya tahadhari, na jibu ni wiki ya 7. Kalenda ya bustani nilikuwa naisoma kutoka mwanzo kwenda mwisho, wakati inatakiwa isomwe kutoka mwisho kuja mwanzo.

Wiki ya 12

Bado hakuna jani la kuchuma, hivyo wiki tatu zimepotea kwa kipimo cha mradi. Matango mawili ya kwanza yamechumwa. Kwenye kabichi nimekuta viwavi vidogo vya kijani ambavyo vikiguswa hujirusha na kuning'inia kwa uzi. Nimeviokota kwa mkono asubuhi tatu mfululizo, nimeponda mayai yaliyo chini ya majani, na nimefunika tuta kwa neti yenye matundu madogo iliyozikwa kingo zake udongoni.

Wiki ya 13 na ya 14

Ule mstari wa spinachi wa ukingoni ndio ulioziba pengo: gramu 900 kwa wiki hizi mbili, kwa kuchuma majani ya nje tu na kuacha moyo wa mmea uendelee. Sasa nautazama kwa macho mengine. Mboga inayochumwa majani ya nje kwa miezi ni akiba, na kila mpango wa awamu unahitaji akiba ya namna hiyo nyuma yake.

Karoti za kwanza zimeng'olewa, kilo 2.3. Kati yake 19 zilikuwa zimegawanyika miguu miwili au kusokotana, karibu zote kutoka sehemu ambayo nilichelewa kupunguza miche. Mahali nilipoacha sentimita 5 kati ya mche na mche, karoti zimenyooka.

Wiki ya 15

Jaribio la maharage limekamilika. Kutoka awamu moja niliteua mistari miwili ya mita 5, iliyopandwa siku moja na kutunzwa sawa. Mstari wa kwanza niliuchuma kila baada ya siku mbili, wa pili mara moja kwa wiki. Wa kwanza uliendelea kutoa maua kwa wiki nne na ukanipa kilo 4.1. Wa pili ulinipa kilo 2.6, na sehemu kubwa ilikuwa ya maganda magumu yenye mbegu zilizojaa. Sababu yake inaeleweka: mmea ulioanza kukomaza mbegu umetimiza kazi yake na huacha kutoa maua, bali mmea unaonyang'anywa maganda machanga huendelea kujaribu. Tango moja lililojificha nyuma ya majani hadi likawa la njano lilinionyesha jambo lilelile, kwani mmea ule haukuzaa tena hadi nilipoliondoa.

Nimejiwekea pia sharti la kutoingia kwenye maharage yakiwa na umande. Magonjwa kadhaa ya majani yake husambaa kwa maji, na mkono na nguo ya mchumaji huyabeba kutoka mche mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo mboga za majani huchumwa alfajiri zikiwa zimejaa maji, na maharage na nyanya husubiri hadi majani yakauke.

Wiki ya 16

Kuoza kitako. Nyanya tisa za kijani katika vichala vya chini zina doa jeusi, kavu kama ngozi, upande wa chini. Si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa kalsiamu wakati linakua, na mara nyingi kalsiamu imo udongoni, ila husafiri na maji pekee, na maji yakikatika nayo hukatika. Daftari linanionyesha siku tano katika wiki ya 14 ambazo sikumwagilia kabisa, zikifuatwa na siku moja ya kumwaga maji mengi mno.

Nimepiga hesabu upya ya maji. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1; matuta yakihitaji milimita 25 kwa wiki isiyo na mvua, mita 34 za mraba zinadai lita 850, yaani keni 85 za lita 10. Mtu mmoja hawezi kuzibeba zote kwa siku moja bila kuharakisha, na akiharakisha maji hutiririka kwenye njia. Nimezigawa katika siku tatu za wiki, na nimetandaza matandazo ya nyasi kavu, unene wa sentimita 7, kwenye nyanya, matango na kabichi, nikiacha nafasi ndogo kuzunguka kila shina lisioze. Nikichimba kwa kidole chini ya matandazo siku ya tatu, udongo bado ni mbichi. Palipo wazi umekauka kwa kina cha kidole kizima.

Wiki ya 17 hadi ya 19

Kabichi ya kwanza, kilo 1.7. Shina nimeliacha tutani na kulikata juu kwa alama ya msalaba ili litoe vichwa vidogo vya pili. Nyanya zimeanza kuiva katika wiki ya 19, na vichala vilivyofunga baada ya matandazo havina doa hata kimoja. Ninazichuma zinapoanza tu kubadilika rangi, kwa kuwa zikifika hapo huendelea kuiva zenyewe ndani ya nyumba, huku zilizoachwa kwenye mti hadi zikawa nyekundu kabisa zilipasuka mvua ilipokuja ghafla usiku wa Jumanne.

Wiki ya 20

Zaidi ya nusu ya majani ya vitunguu yalikuwa yamelala yenyewe wiki mbili zilizopita, nami nikaacha kumwagilia tuta hilo. Leo nimeving'oa, kilo 11 kutoka mita 4.2 za mraba, na nimevipanga kwenye kichanja penye kivuli na upepo kwa wiki mbili hadi tatu, mpaka shingo zikauke kabisa. Vyenye shingo nene nimeviweka kando vitumike kwanza kwa sababu havitakaa.

Wiki ya 21 hadi ya 24

Kanuni ya majani mawili halisi imeshikilia. Tangu wiki ya 13 hakuna wiki iliyokosa jani, na mara mbili, katika wiki ya 18 na ya 23, awamu zilipishana kwa siku 10 na 19 kwa mpangilio huo bila mimi kupanga, kwa sababu hali ya hewa ilikuwa tofauti. Kabichi ya wiki ya 22 sikuipata, kwani nilipofikia hesabu ile nilikuwa nimekwisha kuipita wiki ya 7. Imeandikwa kwenye ukurasa wa msimu ujao. Kwa jumla, kati ya wiki 19 za mavuno, 16 zimetimiza kipimo cha aina mbili na moja ya majani.

Mashina ya maharage nimeyakata usawa wa udongo na kuacha mizizi. Nilichimbua mmoja nikapasua vinundu vyake, na ndani vilikuwa na rangi ya waridi, dalili kwamba bakteria wake walikuwa wakifanya kazi ya kunasa naitrojeni. Sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huenda kwenye mbegu, lakini kwa kuwa maganda yalichumwa machanga na majani yamerudishwa kwenye mboji, nina matumaini ya kubakiza kiasi kizuri. Kabichi zitahamia hapo, na tuta la kabichi litapokea vitunguu. Nyanya bado zinazaa, kilo 19 hadi sasa, kwa hiyo tuta la tatu linasubiri.

Saladi ya awamu ya nane imefungua jani la pili halisi asubuhi ya leo. Awamu ya tisa itaingia kwenye trei kesho jioni, kivulini.